Mtu wa Geita

Jumatatu, 3 Juni 2024

Nimeshindwa kuingia sokoni tena.

Mke wangu Dafroza kaondoka asubuhi kwenda Nyegina, misheni, semina ya akina mama. Siku tatu. Kaniachia neno moja tu: Gloria ale samaki. Kazi ndogo. Nikavaa hedifoni — hazijachomekwa popote, waya unaishia mfukoni. Mtu mwenye hedifoni hasemeshwi sana.

Nilifika mpaka wanapoanza wauza dagaa. Watu wengi. Wanawake wawili wakanitazama, mmoja akamsogelea mwenzake sikioni. Nikajua ni mimi. Nikaangalia zipu. Zipu iko sawa. Kama si zipu, ni nini sasa?

Kifua kikabana, viganja vikaloa. Nikageuka. Nikajipiga paji la uso kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ili wanaotazama waelewe kwamba nimesahau kitu. Wanaotazama ni akina nani? Sijui. Lakini nilijipiga.

Nimenunua mayai duka la jirani. Gloria kauliza samaki. Nimemwambia wameisha. Musoma hii, samaki waishe! Ana miaka kumi na moja, si mjinga. Kala mayai yake tu.

Jumatano, 5 Juni

Dafroza karudi jioni. Kachoka sana. Kitenge chake kinanuka moshi wa kuni. Nimemuuliza semina ilikuwaje, kasema nzuri, tumefundishwa malezi. Malezi gani, nikauliza. Ya watoto, kasema, akaingia kuoga.

Wakati anakula nimeona viganja vyake. Malengelenge mawili mkono wa kulia, moja limepasuka. Semina gani hiyo ya kupasua mikono?

Sikuuliza. Nikiuliza atajua nimeona.

Jumamosi, 8 Juni

Kibanda changu hapa Iringo kina dirisha moja. Watu wanapitisha simu dirishani, mimi natazama simu. Miaka kumi sasa. Wateja nawajua kwa simu zao na vidole vyao. Sura — siwezi kukuapia hata moja. Kuna anayeitwa Kioo Kimepasuka Kona, kuna Chaji Haiingii. Tunaheshimiana.

Leo kaja mtu na simu isiyo na ubaya wowote. Kasema inazima. Nimekaa nayo nusu saa, haikuzima. Betri nzima, chaji inaingia, kila kitu. Yeye kasimama tu dirishani. Kidole gumba cha kushoto kina kovu refu, kama la panga.

Kaniuliza, "Fundi, unakaaga hapa kila siku?"

Nikasema kila siku.

"Hata mwezi wa nne ulikuwepo?"

Nikasema nilikuwepo. Kachukua simu yake, kashukuru, kaondoka. Nilitaka kuinua kichwa nimwone, shingo ikakataa.

Mwezi wa nne kulikuwa na nini? Nani anataka kujua nilikuwa wapi mwezi wa nne?

Nimefunga mapema.

Jumanne, 11 Juni

Mwikwabe kaleta vioo vya simu kutoka Bunda. Ana kirikuu chake, kila wiki anakuja Musoma na mizigo ya watu. Ni mtu wa maneno mengi lakini hanitazami sana usoni, ndiyo maana naelewana naye.

Anahesabu vioo, kasema, kama mtu anayesema habari za mvua: "Shemeji nilimwona stendi ya Bunda Jumatatu ile. Anapanda gari la Nyamuswa."

Jumatatu ipi? Ya tarehe tatu, kasema. Nikamwambia si yeye, mke wangu alikuwa Nyegina. Mwikwabe kacheka kidogo. Kasema basi ana pacha, na pacha wake ana kitenge kilekile cha kwaya, na kuna mwanaume alikuwa amembebea ndoo.

Nyegina ni huku, upande wa ziwa. Bunda ni kule. Mtu hakosei njia kiasi hicho.

Nyamuswa ni ujombani kwangu, mama yangu alizaliwa kule. Dafroza hana mtu Nyamuswa. Mtu wa kumbebea ndoo ndiyo kabisa.

Jumatano, 12 Juni

Nilikuwa najaribu redio ya mzee mmoja, spika nimebadilisha. Kuna daktari anaongea. Anasema kuna watu wanaogopa mikusanyiko. Anasema si aibu tu, si kiburi, ni hofu inayokamata mwili wenyewe: jasho, moyo, koo. Anasema mtu huyo anaona kila anayenong'ona anamsema yeye.

Nikapunguza sauti haraka. Mama wa chai kibanda cha pili asisikie akadhani nasikiliza habari zangu.

Nikaweka sikio kwenye spika. Daktari kasema ikija, usikimbie. Ukikimbia inajifunza kwamba kukimbia ndiyo dawa. Chagua kitu kimoja kilichotulia, kitazame. Toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta. Hofu inapanda, inapanda, halafu inachoka yenyewe.

Inachoka baada ya muda gani, hakusema. Wakaweka tangazo la sabuni.

Ijumaa, 14 Juni

Nimefanya jambo baya. Nimefungua simu ya Dafroza.

Kwangu mimi ni dakika mbili. Alikuwa anafua. Nimepata ujumbe mmoja, namba haina jina:

"Watu wameuliza tena habari ya Geita. Tarehe 19 njoo peke yako, tutajua la kuwaambia."

Nimesoma mara nne. Nani yuko Geita? Peke yako — bila nani? Bila mimi, bila shaka. Mimi ndiye wa kufichwa.

Nikarudisha simu pale pale, kioo chini, kama ilivyokuwa. Nikakaa. Nilimsikia uani akiimba wimbo wa kwaya huku anasuuza mashuka. Mtu anawezaje kuimba.

Jumatatu, 17 Juni

Kasema leo, bila mimi kuuliza: Jumatano kuna semina tena Nyegina. Nikasema sawa, msalimie padre. Kanitazama. Nikainama kwenye sahani.

Nimeongea na Mwikwabe kwa simu. Kesho analala Musoma, Jumatano alfajiri anarudi Bunda gari tupu. Nitakaa naye mbele. Kama Dafroza anaenda Nyegina kweli, sitamwona Bunda, nitarudi nikiwa mjinga mwenye furaha.

Ila ni stendi. Stendi ya Bunda! Magari ya Mwanza, ya Sirari, ya Mugumu, wapiga debe wanaomshika mtu mkono. Mara ya mwisho kusimama stendi yoyote ni kabla Gloria hajaanza shule.

Jumatano, 19 Juni

Naandika yote, hata yanayonitia aibu.

Tulifika Bunda saa mbili na nusu. Mwikwabe kanishusha nje ya stendi, kasema atakuwa kwenye mashine ya kukoboa. Kirikuu kikaondoka. Nikabaki barabarani na hedifoni zangu.

Wapiga debe watatu wakanijia mara moja. Mwanza, Mwanza, bosi Mwanza? Mmoja akanishika bega. Nikasikia damu masikioni. Watu wote wakawa macho tu. Mwanamke wa karanga alinitazama, kijana wa vocha alinitazama, hata mbuzi waliofungwa juu ya basi. Nikatafuta kitu kilichotulia kama alivyosema yule daktari. Kulikuwa na duka la mbegu, juu ya mlango wamechora hindi la njano. Hindi limekaa vizuri, punje zimepangwa. Nikaegemea ukuta nikaanza kutazama punje. Natoa pumzi. Safu ya kwanza. Natoa pumzi. Safu ya pili.

Haikuchoka haraka. Nilitapika kidogo pembeni ya ukuta. Mwenye duka akatoka, akaniletea maji kwenye kikombe bila kusema kitu. Nikamshuku hata yeye — kwa nini hasemi kitu?

Halafu nikamwona Dafroza. Kitenge cha kwaya. Ndoo imejaa unga, imefunikwa na kanga. Mwanaume mnene mwenye ndevu anaipokea. Wanaongea kama watu wanaojuana.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Ijumaa. Yote yalipotea. Nilichofanya ni kusimama tu pale ukutani, naye akageuka akaniona.

Nilidhani ataruka. Alikuja polepole. Akanishika mkono wa shati.

"Baba Gloria. Umepita stendi yote hii?"

Hilo ndilo alilouliza. Si umenifuata, si unanichunguza. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Macho yakamjaa machozi katikati ya wapiga debe, akanivuta nyuma ya duka la mbegu, tukakaa kwenye magunia.

Yule mwanaume akaja nyuma yetu na ndoo. Akaiweka chini. Nikaona kidole gumba cha kushoto, na kovu.

"Huyu ni Jofrey," Dafroza kasema. "Wa mjomba Mugeta. Humkumbuki?"

Jofrey nilimwacha mwembamba, hana ndevu, anachunga. Alikuja dirishani kwangu nikaangalia simu nusu saa. Mtoto wa mjomba wangu.

Basi Dafroza akaeleza. Anaongea chinichini, anatazama magunia. Tarehe tatu ilikuwa msiba wa mke wa mjomba Mugeta, Nyamuswa. Alienda kuzika. Malengelenge ni ya kutwanga na kuchota maji. Leo ni kumaliza matanga. Mwezi wa nne ulikuwa msiba wa shangazi, Butiama. Alienda. Na kabla ya hapo mingine miwili. Yote kwetu, si kwao. Yote kwa niaba yangu.

Na kila walipomuuliza mumeo yuko wapi, kwa miaka sita, amesema yuko Geita. Mgodini. Hapewi ruhusa.

Miaka sita niko Geita na sijui!

Ule ujumbe ulikuwa wa dada yangu Selestina, kwa namba mpya. Wanasaidiana kuutunza uongo.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kuna msiba. Kasema, "Kwenye msiba wa mama ulikaa mpaka jeneza likatoka ndani. Halafu nikakutafuta saa nzima nikakukuta kwenye mtama, umekaa chini, umejishika magoti. Ningekuambiaje tena?"

Nikasema ungewaambia ukweli.

"Ukweli upi? Kwamba anaogopa watu? Wangesema ni dharau. Mwanaume wa miaka thelathini na nane. Geita wanaielewa."

Aliondoka na Jofrey kwenda Nyamuswa. Mimi nimerudi na Mwikwabe, hakuniuliza neno.

Nilitoka nyumbani nikitafuta mwanaume mwingine. Nimempata. Yuko Geita, ana kazi ngumu, watu wanampa pole, wanamheshimu. Mimi siyo.

Jumamosi, 22 Juni

Hatuongei sana. Chakula, shule ya mtoto, basi.

Nafikiri anaona aibu na mimi. Alisema ni kunilinda. Labda ni kujilinda. Mke wa mtu wa Geita anakaa mbele na wake za watu. Mke wa mtu aliyejificha kwenye mtama anakaa wapi?

Na Jofrey. Alitumwa na nani kuja dirishani? Dafroza kaapa hakujua. Namwamini? Nusu.

Jumatatu, 24 Juni

Saa nne asubuhi Selestina kapiga. Siyo kwa Dafroza. Kwangu.

"Magesa, baba mkubwa ametutoka."

Baba mkubwa Wanzagi. Kaka wa baba. Baba alipofariki nikiwa darasa la nne, ndiye aliyenilipia shule mpaka mwisho, ndiye aliyeninunulia bisibisi ya kwanza na sodaringi ya kulehemu waya. Alikuwa akija Musoma anakaa kwenye stuli ndani ya kibanda, hasemi kitu, ananitazama nikifanya kazi, halafu anasema haya, naenda. Miaka sita ya mwisho alikuwa hawezi kutembea. Sikwenda hata mara moja. Nilimtumia redio.

Selestina alisubiri nimalize kulia. Halafu kasema mazishi ni Alhamisi, Butiama. Kasema nyumba ya baba haina mwanaume mwingine, kwa hiyo neno la nyumba yetu ni langu, mbele ya watu, kabla ya kuzika.

Nikasema Dafroza atakuja.

"Akija peke yake mimi sitasema Geita tena," kasema. "Baba mkubwa alikuwa ananiuliza kila Krismasi, huko Geita wanampa likizo? Nimemdanganya mpaka kafa. Nimechoka, mdogo wangu."

Akakata.

Jumanne, 25 Juni

Sikufungua kibanda.

Jioni nimekuta suruali yangu nyeusi kitandani, imepigwa pasi. Dafroza kaiweka tu. Nimeitazama muda mrefu. Ni kuniomba? Ni kunijaribu? Au anataka niikunje mwenyewe niirudishe kabatini, ili baadaye aseme, mimi nilikuandalia?

Akaja mlangoni. Kasema, "Nikienda peke yangu, nitasema nitakachopata cha kusema. Sitakulaumu."

Nilitafuta lawama usoni kwake. Nilimtazama usoni, kweli, muda mrefu kuliko ninavyomtazamaga. Amezeeka kidogo pembeni ya macho. Lawama sikuiona. Haina maana kwamba haipo.

Nimechukua begi la vifaa. Bisibisi, sodaringi, waya, multimita. Kaniuliza vya nini msibani. Sijui. Bila vifaa mikono haina pa kukaa.

Jumatano, 26 Juni. Butiama

Tumefika saa sita na kirikuu cha Mwikwabe, mimi, Dafroza na Gloria. Turubai tatu. Watu kama mia tatu, na wanaongezeka. Nilisimama nyuma ya kirikuu nikashika chuma mpaka Dafroza akasema twende. Tukaenda.

Kila mtu ananipa mkono. Pole na msiba. Pole na safari. Mzee mmoja kasema pole na Geita, ni mbali, na kanishika mkono muda mrefu, ananichungulia macho. Anajua? Anacheka ndani? Bibi mmoja kanisalimia kwa lugha ya nyumbani, nimejibu vibaya, naye macho kwenye mikono yangu. Kuna mama kijana amekaa kwenye mkeka. Nilipopita alimvuta mtoto wake karibu, akamfunika na kanga. Nikajiangalia tena zipu.

Mwili wa baba mkubwa uko ndani. Niliingia. Nikasimama dakika moja. Selestina alinisimamia pembeni, bega kwa bega, kama tulivyokuwa tunasimama shuleni. Nikatoka.

Halafu nilipata bahati. Jenereta lilikohoa, spika zikanyamaza, watu wa muziki wakaanza kupigiana kelele. Amplifaya imekufa. Sikujifikiria, nilikuta nimeshapiga magoti na bisibisi mkononi. Nyuma ya spika kuna nafasi kama ya kibanda changu: ukuta wa spika mbele, turubai nyuma, watu wote wamekupa mgongo. Saa mbili nzima nilikuwa mzima wa afya. Fyuzi nimebadilisha. Ila tundu la maiki limechoka, pini inacheza. Nimesolda kadiri ya uwezo. Bila kidole kuibana, sauti inakatika. Kitu cha kuweka mahali pake sina, kiko Musoma.

Jofrey kanijia pale na chai. Akachuchumaa. Nikamuuliza kilichokuwa kinanila tangu stendi: nani alikutuma?

Kasema wazee. Mtu wa Nyamuswa alipita Iringo mwezi wa nne, akaniona dirishani siku ileile shangazi anazikwa. Wazee hawakuamini, wakamtuma yeye.

"Nikawaambia yupo kweli. Anatengeneza simu. Hainui kichwa."

Kwa hiyo wanajua. Mjomba, wazee, wote. Pole na Geita ilikuwa ya kunisikiliza nitajibu nini.

Nikasema, bila shaka wananicheka sana.

Jofrey akazungusha kikombe. "Hakuna anayekucheka, kaka. Wengine wanasema una dharau. Wengine wanasema mengine."

Nikamwambia ayaseme.

"Wanasema mtu anayekimbia kila jeneza, labda anajua lilivyopatikana."

Mama aliyemvuta mtoto wake. Bibi aliyeniangalia mikono. Miaka yote hii nikifikiri wananicheka. Kumbe wananiogopa.

Mimi! Mtu anayekimbia wauza dagaa.

Alhamisi, 27 Juni. Butiama

Saa saba kasoro. Nimekaa nyuma ya spika. Kidole gumba cha kushoto kiko kwenye pini ya maiki, kwa mkono wa kulia naandika. Wanaoniona wanadhani naandika mambo ya umeme.

Watu si mia tatu leo. Wamejaa mpaka barabarani, wengine wako juu ya mawe, wengine kwenye uzio wa katani. Jeneza liko mbele, meza ndogo, picha yake yenye kofia. Katekista ndiye anayeongoza ratiba. Nimepewa nakala. Mstari wa sita: Neno la familia, nyumba ya mdogo wa marehemu. Jina langu limeandikwa kwa kalamu, siyo kwa kuchapwa. Waliacha nafasi wasubiri kuona kama nitakuja.

Wako mstari wa tano. Kwaya.

Asubuhi Dafroza kaja na uji. Kasema nikitaka yeye atasimama na mimi. Halafu kasema kingine, polepole: "Chochote utakachosema, mimi nitakuwa nimekisema hivyohivyo." Maana yake nikisema Geita, atashika Geita. Nikisema ukweli, yeye ndiye mwongo wa miaka sita mbele ya ukoo wangu wote. Amelijua hilo, na bado kaleta uji. Nimemshuku mwezi mzima mwanamke huyu.

Nimejaribu kupanga la kusema. Naitwa Magesa. Siko Geita. Naogopa watu. Mbona linakuwa dogo hivi kwenye karatasi? Nani atakubali kwamba mwanaume alikosa kumzika shangazi yake kwa kitu kidogo hivi? Wataona nimeficha kikubwa zaidi.

Na kuna hili, lazima niliandike. Nikiinua kidole, maiki inakufa. Hakuna atakayejua ni mimi. Watasema jenereta, watasema vifaa vya kukodi. Katekista ataruka mstari wa sita kwa sababu muda umekwenda na padre ana misa nyingine. Watazika. Nitakuwa Musoma kabla ya giza.

Halafu yule mama atamfunika mtoto wake maisha yote.

Ubeti wa pili. Natafuta kitu kilichotulia. Kuna taa ndogo nyekundu kwenye amplifaya, haitikisiki. Natoa pumzi. Natoa pumzi. Jasho limefika kwenye karatasi.

Jofrey kaja, kachuchumaa. Kauliza kama anaweza kunishikia, maana ratiba imefika kwangu. Nimetazama ile taa nyekundu. Kauliza tena, anabana upande gani?

Nimemwonyesha. Hapa, si sana, ukibana sana inakwaruza. Kajaribu. Kidole chake kikubwa, pini imetulia kuliko kwangu.

Mikono yangu yote miwili sasa haina kazi.

Ubeti wa mwisho. Selestina kainuka kutoka kwa wanawake, kamfuata katekista, kamwinamia sikioni. Anaongea. Katekista anaitikia kwa kichwa, anatazama huku nyuma ya spika. Selestina naye anatazama huku. Safari hii sijakosea, wananisema mimi.

Kwaya imekaa. Katekista kapuliza maiki. Kasema sasa tumsikie mtoto wa mdogo wake marehemu, Magesa, fundi, anayekaa Musoma.

Hakusema Geita.

Watu wanageuka, safu kwa safu. Jofrey ameshika pini. Sauti iko safi kabisa, mpaka huku nyuma. Naweka kalamu, nasimama.